Umejuaje? Maswali ya walimu wa msingi kuhusu kufundisha Historia na kusoma kwa pamoja

Maswali haya nimeyakusanya kwenye ofisi za walimu, kwenye mafunzo kazini, na mengine kituoni tukisubiri gari. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi, pamoja na yale masomo ambayo kila baada ya muda yanabadilishwa jina: Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili, na sasa Historia ya Tanzania na Maadili. Majibu ni ya mtu wa chaki, si ya mtunga mitaala. Penye jambo lisilofaa nitasema halifai.

Kwa nini nijisumbue kuunganisha Historia na kusoma, na kila somo lina kipindi chake kwenye ratiba?

Kwa sababu swali moja linayabeba yote mawili: umejuaje?

Chukua kifungu cha ufahamu cha kawaida, cha Juma aliyepoteza mbuzi. Swali: "Juma alipoteza nini?" Mtoto anarudi mstari wa pili, anaokota neno "mbuzi", analinakili, anapata vema. Hakulazimika kuelewa chochote. Sasa mpe sentensi mbili juu ya Vita vya Majimaji: kwamba vilianza Julai 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, na kwamba wanakijiji walianza kwa kung'oa miche ya pamba. Muulize: "Kwa nini pamba, na si mahindi?" Jibu halimo kwenye mstari wowote. Inabidi afikirie pamba ilikuwa ya nani, nani aliilima kwa kulazimishwa, na mahindi yaliliwa na nani. Huko ndiko kusoma tunakokutaka, na mwanahistoria naye hafanyi zaidi ya hapo.

Tena tuna nafuu moja: Historia kwenye shule zetu za serikali inafundishwa kwa Kiswahili, lugha ileile ya kipindi cha kusoma. Mtoto habebi mizigo miwili ya lugha kwa mkupuo.

Darasa la Kwanza na la Pili wako kwenye KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu). Historia itaingilia wapi?

Kwenye jina. Neno la kwanza ambalo mtoto anataka mwenyewe kuliandika, bila kushurutishwa, ni jina lake, nalo lina habari ndani yake. Darasani kwangu wamepita akina Mwajuma, Masika, Chausiku, Tabu. Kazi ya nyumbani ni moja tu: "Muulize mama au bibi, nani alinipa jina hili, na kwa nini?" Kesho yake kila mtoto anasema sentensi moja, unaiandika ubaoni kama alivyoitamka, darasa linaisoma. "Niliitwa Masika kwa sababu nilizaliwa wakati wa mvua." Umeshapata wakati uliopita, umeshapata "kwa sababu", na silabi za kuchezea wiki nzima. Mwaka mmoja mtoto alirudi na habari kwamba baba yake anaitwa Vita kwa kuwa alizaliwa majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwaka 1978. Darasa zima lilinyamaza. Sikuwa nimepanga kufundisha Vita vya Kagera kwa watoto wa miaka saba, na sikuvifundisha. Niliandika sentensi yake ubaoni, tukaisoma.

Tarehe kwa umri huo achana nazo. Kwa mtoto wa miaka saba 1905 na 1961 ni kitu kimoja. Tumia "kabla bibi hajazaliwa", "bibi akiwa mdogo", "mimi nilipozaliwa", "sasa". Funga kamba ya kuanikia nguo ukutani, bana picha na kadi za maneno kwa vibanio, waache wazihamishe wenyewe na wabishane.

Vitu vya kale nitavipata wapi?

Majumbani. Pasi ya mkaa, koroboi, kinu, redio ya betri iliyokufa, kanga ya bibi. Kanga ni zana ya ajabu, maana ina picha na maandishi, na zipo zilizochapwa kwa ajili ya sherehe za kitaifa zikiwa na mwaka wake. Ila zipitie kabla ya kipindi. Majina mengine ya kanga yalitungwa kwa ajili ya jirani mbaya au mke mwenza, na utapata shida kuyafafanua mbele ya watoto.

Msamiati mgumu wa Historia unawachosha wanafunzi. Nifanyeje?

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie, maana ndipo ninapopapenda.

Usianze na orodha ya maneno magumu. Anza na neno rahisi ambalo kila mtoto analo mdomoni, kisha uwaonyeshe kwamba neno hilo limesafiri. Waulize maana ya "hela". Watacheka. Kisha waambie kwamba mwaka 1904 Wajerumani walileta kwenye koloni lao sarafu ndogo iitwayo Heller, mia moja zikitimiza rupia moja. Wajerumani walishindwa vita, sarafu yao ikafa, jina likabaki mifukoni mwetu. Rupia yenyewe asili yake ni India. "Shule" ni Kijerumani. "Meza" na "bendera" ni za Wareno. "Kitabu", "kalamu" na "karatasi" zimetoka kwa Waarabu, "gari" na "chapati" Uhindini, "baiskeli" kwa Waingereza.

Sasa gawa ubao safu sita: Kibantu, Kiarabu, Kireno, Kihindi, Kijerumani, Kiingereza. Wape kadi za maneno wazipange, wakikosea usiwarekebishe mara moja. Jicho, mvua, mtoto, kulima, moto: hayo yanaangukia safu ya Kibantu. Hapo ndipo unapouliza swali lenyewe. Kwa nini mwili, mvua na shamba vina majina ya Kibantu, lakini kusoma na kuandika kuna majina ya Kiarabu, na vyombo vya mashine vina majina ya Kiingereza? Mtoto wa Darasa la Tano anaweza kujibu swali hilo, na jibu lake ni historia ya pwani kwa miaka zaidi ya elfu moja.

Kuna kosa moja ninalolisikia hata kwa walimu: kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa. Wape watoto jaribio dogo. Kitabu, vitabu. Kisu, visu. Neno lilipofika kutoka Uarabuni, "ki" yake haikuwa kiambishi kabisa, ilikuwa sehemu ya neno. Waswahili wakaliona, wakalivisha sare ya ngeli yao: kitabu kimoja, vitabu viwili. Mgeni alifika, akapewa sheria za nyumba. Nikifundisha umoja na wingi kwa njia hii, watoto huanza kutafuta maneno mengine kwa hiari yao, na daftari la msamiati hujaa bila imla.

Majina ya mahali yanafanya kazi hiyohiyo. Kariakoo ya Dar es Salaam ilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps. Tamka haraka kama alivyotamka mpagazi mwenyewe, utasikia Kariakoo. Nairobi nao wana yao, Kariokor. Kila kijiji kina jina la namna hii. Tafuteni lenu.

Nikiwatuma wakawahoji wazee, wanarudi na maneno matatu. Tatizo liko wapi?

Kwenye maswali tuliyowapa. "Zamani maisha yalikuwaje?" ni swali lisilojibika hata na profesa. Mzee atasema "yalikuwa magumu", mtoto ataandika "magumu", kazi imekwisha.

Chagua jambo moja lenye kona. Mimi napenda kisomo cha watu wazima. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, watu wakikaa vikundi kusikiliza na kujadili. Wapo bibi na babu waliojifunzia kusoma chini ya mwembe wakati huo. Mtoto wa Darasa la Nne aende na maswali haya: Bibi, ulijifunza kusoma ukiwa na umri gani? Nani alikufundisha? Mlikaa wapi? Neno gani uliloweza kulisoma kwanza? Hilo la mwisho ndilo linalofungua midomo. Bibi mmoja alijibu "duka", kwa kuwa lilikuwa limeandikwa kwenye ukuta aliopita kila siku bila kujua linasemaje.

Adabu kwanza. Mtoto aamkie shikamoo, akae, aombe ruhusa, asimkatize mzee. Tahadhari: wapo wanaoona haya kutajwa kuwa walikuwa "ngumbaru", watu wazima wasiojua kusoma, kwa hiyo waambie watoto wasilitumie neno hilo mpaka mzee alitumie mwenyewe. Maneno ya mzee yaandikwe kama alivyoyasema, ndani ya alama za mtajo. Hutapata nafasi nzuri zaidi ya kufundisha alama hizo. Kisha, na hapa walimu wengi huachia njiani, mtoto arudi kwa mzee na kumsomea alichoandika: "Bibi, nimeandika hivi, ni sawa?" Bibi atasahihisha. Hakuna mhariri mkali kama huyo.

Na wazee wawili wakitofautiana? Furahi. Tulipouliza juu ya Operesheni Vijiji, babu mmoja alisema walihamishwa 1974, bibi wa jirani akasema 1975, kila mmoja akiapa. Watoto walitaka niwaambie nani mkweli. Niliwafundisha "kwa mujibu wa": kwa mujibu wa babu yake Asha ni 1974, kwa mujibu wa bibi yake Hamisi ni 1975. Sentensi hiyo ni sarufi, na ni uaminifu pia.

Maandishi ya kale ni magumu. Si afadhali niwape muhtasari tu?

Muhtasari wape, lakini usiwanyime kuonja kitu chenyewe. Tuna hazina ambayo walimu wa nchi nyingi hawana: mashairi ya Kiswahili yaliyotungwa na watu walioishi wakati wa tukio. Hemedi bin Abdallah alitunga utenzi juu ya vita vya Wajerumani kuitwaa Mrima (pwani ya bara), vita vya 1888 na 1889 ambavyo Abushiri bin Salim alinyongwa kwavyo Pangani Desemba 1889. Ndani humo Wajerumani wanaitwa Wadachi. Watoto watauliza Wadachi ni nani, na tayari mko ndani ya somo.

Usiwape beti 30. Wape tatu. Zisome mwenyewe kwanza, kwa mahadhi, wao wakifumba macho. Kisha wahesabu mizani kwa vidole, minane kwa kila kipande, na wasikilize vina. Mwanafunzi anayesuasua kusoma, anayegawa silabi vibaya, hapa anapata mazoezi bila kuonekana kama mtoto wa nyuma, kwa sababu hata kinara wa darasa anahesabu vidole. Msamiati wa kale uandike pembeni. Maneno matano yatosha.

Kwa Darasa la Sita ongeza swali la upande. Mshairi aliandika akiwa mtu wa Mrima. Wajerumani wao waliviita vita vile uasi wa Waarabu. Andika ubaoni "uasi", "vita", "mapambano", kisha uliza: mtu akitumia neno hili, yuko upande gani? Na je, waliopigana walikuwa Waarabu peke yao? Sijawahi kuona kipindi cha visawe kikichangamka kama hicho.

Walio Dar es Salaam wana maandishi barabarani. Ile Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 ina maneno ya Kiswahili kwenye kitako chake. Wapelekeni watoto wayanakili, wayalinganishe na Kiswahili cha leo. Nairobi na Mombasa wana sanamu zao za jamii hiyohiyo.

Naomba mfano wa wiki moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mfano wangu ni wa Darasa la Tano, na mhusika ni Mtwa (mtawala) Mkwawa wa Wahehe.

Siku ya kwanza hakuna kitabu, hakuna daftari. Simulia. Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani kikiongozwa na Emil von Zelewski kinapita Lugalo, Wahehe wamejificha. Zelewski anauawa pale. Miaka mitatu baadaye Wajerumani wanarudi na mizinga, wanaiteka ngome ya Kalenga, lakini Mkwawa hayupo. Anawasumbua porini hadi Julai 1898, anapojipiga risasi asikamatwe. Kisha wawili wawili wasimuliane upya. Mtoto asiyeweza kusimulia jambo kwa mdomo hawezi kuliandika, na hapa tunakimbilia kalamu mapema mno.

Siku ya pili leta kifungu chenye sentensi nane kwenye karatasi ya manila, msome pamoja. Kikate vipande, kila kikundi kipange upya. Kitakachowasumbua ni viunganishi, hasa "hata hivyo". "Wajerumani waliiteka Kalenga. Hata hivyo, hawakumkamata Mkwawa." Darasa langu nusu yao walidhani "hata hivyo" maana yake ni "kwa hiyo". Tukaigiza: kikundi kimoja kinaiteka ngome (meza ya mwalimu), wanashangilia, wanafungua mlango, hamna mtu. Ile sura ya mshangao ndiyo "hata hivyo". Hawajaisahau.

Siku ya tatu ni ya fuvu. Wajerumani walichukua fuvu la Mkwawa. Mwaka 1919, Mkataba wa Versailles uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza uliweka kifungu, cha 246, kinachoitaka Ujerumani ilikabidhi kwa serikali ya Uingereza. Halikuja. Mwaka 1954 Gavana Edward Twining alileta Kalenga fuvu lililotoka kwenye jumba la makumbusho la Bremen, na hadi leo lipo kwenye makumbusho ya Kalenga. Hapo simama. Bremen kulikuwa na mafuvu mengi. Twining alijuaje kwamba hili ndilo?

Waache wakisie kabla hujawaambia: alilinganisha vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na akaangalia tundu la risasi. Je, inatosha? Mwaka mmoja darasa liligawanyika vibaya sana mpaka kengele ikalia tukiwa bado tunabishana. Msichana mmoja mpole alisimama akasema, "Mwalimu, hata mimi na binamu yangu vichwa vinafanana, lakini mimi si yeye."

Siku zinazobaki ni za kuandika. Kwanza wapange kadi kwenye mafungu matatu: tuna hakika, inawezekana, hatujui. Kisha kila mmoja anaandika aya moja inayoanza na "Nadhani" na yenye "kwa sababu" mbili ndani yake. Aya moja tu. Ndefu si lazima iwe nzuri.

Maonyo mawili. Kujiua kwa Mkwawa kutaje kwa sentensi moja, upite. Usiwaambie watoto wakuigize, na mtazame yule ambaye nyumbani kwao kuna msiba wa namna hiyo. La pili, kwa Wahehe hili si fumbo la darasani, ni kichwa cha mzee wao. Ukiwa Iringa, omba ruhusa kwa wenyeji na uzungumze kwa staha inayostahili.

Barua na shajara za kubuni, je, si kuwafundisha watoto uongo?

Ni uongo kama hazina masharti. Mwanafunzi wangu aliwahi kuandika barua ya mpagazi wa mwaka 1916 akimwambia mkewe amemtumia hela kwa simu. Nilicheka hadi machozi, kisha nikaisoma mbele ya darasa kwa idhini yake, na tukaitafuta ile "simu" kama polisi.

Sharti langu: apige mstari chini ya mambo matatu ya kweli aliyoyapata kwenye kusoma. Yasiyo na mstari ni ya kwake. Na awe na jibu la swali hili: mpagazi huyo alijua kuandika? Kama hakujua, nani alimwandikia? Watu wengi wa pwani waliosoma chuoni (madrasa) waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo barua ya kweli ya zama hizo huenda isingefanana kabisa na anayoiandika yeye.

Nina wanafunzi zaidi ya 90 na vitabu 11. Haya yote yanawezekana?

Si yote. Kikundi cha watu tisa na kitabu kimoja ni foleni, si kusoma. Kwa darasa kubwa tegemea maandishi makubwa: manila, mifuko ya saruji iliyopasuliwa na kugeuzwa, ubao wa pembeni. Mtunge kifungu pamoja, wewe ukiwa karani wao, kisha kiwe ndicho kitabu chao. Vifungu vyetu vya mwaka huo nilivishona kwa uzi, na watoto waligombania kuvisoma kuliko vitabu vya kiada, kwa sababu majina yao yalikuwamo.

Na kuna maandishi ambayo kila nyumba inayo. Noti ya shilingi 1,000 ina sura ya Nyerere, sarafu ya 500 ina ya Karume. Nani hawa, kwa nini wao, kwa nini wawili? Ukiliuliza vizuri umefika kwenye Muungano wa 26 Aprili 1964 bila kufungua kitabu. Kalenda ya ukutani nayo hivyohivyo: kwa nini tarehe 7 Julai hatuji shule? Watakwambia maonyesho ya Sabasaba. Ya chama cha TANU kuzaliwa siku hiyo mwaka 1954 wengi hawajui.

Nyumbani wanazungumza Kisukuma, Kihehe, Kimakonde. Ninawapotezea muda kwa mahojiano yasiyo ya Kiswahili?

Hapana. Mzee ahojiwe kwa lugha yake, mtoto asimulie darasani kwa Kiswahili. Neno lisilotafsirika libaki kama lilivyo, likifafanuliwa kwa sentensi moja. Kufafanua neno la bibi kwa wenzako wasiolijua ni kazi ngumu kuliko zoezi lolote la kamusi ninalolijua.

Nasahihisha nini, tahajia au historia?

Vyote viwili kwa pamoja hapana. "Mkwawa aliludi polini wakamuuwa" ina makosa mawili ya r na l, moja la "wakamuua", na kosa moja kubwa la historia, kwamba aliuawa. Ukiyazungushia yote wekundu, mtoto ataona wekundu tu. Mimi kwanza naandika swali moja pembeni: "Nani alimuua? Umejuaje?" Anarudi kwenye kifungu, anarekebisha. Siku ya pili ndipo tunashika tahajia, makosa mawili yanayojirudia, basi.

Vita, utumwa, kunyongwa: watoto wadogo wavumilie hayo?

Pima umri. Darasa la Tatu naweza kuwaambia kwamba soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 na kwamba watu waliuzwa pale. Minyororo na viboko nawaachia wa juu, tena kwa uchache. Kitu ambacho sifanyi ni kuwapanga watoto mstari na kuwafunga kamba "waone ilivyokuwa". Nimeona likifanywa kwa nia njema, na sitaki kuliona tena.

Mthibiti ubora akija, nitamwonyesha nini kwenye andalio la somo?

Umahiri wa somo lililo kwenye ratiba saa hiyo. Kama ni kipindi cha Kiswahili, andika umahiri wa Kiswahili, na Majimaji yawe maudhui. Kama ni Historia, andika wa Historia. Usiandike vyote viwili, utaulizwa maswali mpaka jioni. Ongea na mwalimu wa taaluma mapema, na kama somo la pili analo mwenzako, kaeni mlinganishe maazimio ya kazi ili mfike kwenye mada kwa wiki moja.

Historia haitamezwa na Kiswahili?

Inaweza, na nimeona ikimezwa. Kipindi kinaitwa Historia, kumbe watoto wanatafuta nomino kwenye kifungu cha Kilwa. Kilwa yenyewe, msikiti wake mkubwa, Ibn Battuta aliyefika 1331, Wareno waliovamia 1505, vyote vimegeuka pambo la zoezi la sarufi. Kipimo changu: kipindi kikiisha, muulize mtoto mmoja swali la historia lisilo na uhusiano na zoezi. Kwa nini mji wenye utajiri ule uko kisiwani? Akikodoa macho, umefundisha nomino.

Hatari ya upande wa pili ipo pia, mwalimu anayesimulia vizuri dakika 40 na mtoto hajagusa neno lililoandikwa. Mimi ni wa kundi hilo nikichoka.

Mwanafunzi akiuliza jambo nisilolijua?

Nina karatasi ya manila nyuma ya mlango, imeandikwa juu "Bado hatujui". Swali linaandikwa pale na aliyeuliza, kwa mwandiko wake, pamoja na tarehe. Mengine tunayafuta baada ya wiki. Lile la fuvu la Kalenga liko pale mwaka wa tatu sasa, waliouliza wameshahama darasa, na wakipita dirishani bado wanachungulia kuona kama limefutwa.